Niliuza baa Rungwe Mpya: kazi yenyewe ilikuwa hivi

Leo naomba niongelee kazi ambayo ukimwambia mtu umewahi kuifanya, kwanza anatabasamu, halafu anakuangalia kuanzia juu mpaka chini. Mimi nimeuza baa. Sio Dar, wala sio Arusha kwenye watalii wa kuacha dola mezani. Nimeuza baa Rungwe Mpya, wilaya ya Kasulu, mkoa wa Kigoma, kuanzia mwishoni mwa 2005 mpaka katikati ya 2007. Na nasema bila aibu kwamba ile kazi niliipenda.

Kabla hujakunja sura, nisikilize. Wengi mnaosoma hapa mmemaliza shule, mko mtaani, na mnatafuta pa kuanzia. Kazi ya baa ni moja ya kazi chache ambazo mwenye kuitoa haombi cheti wala barua ya mjumbe. Siku ukiitwa, utaenda. Sasa ni vizuri ujue unaenda kufanya nini, maana watu wanadhani kazi yenyewe ni kubeba chupa na kucheka na walevi. Hapana. Kwenye baa ya kijijini bia ni kisingizio tu. Kinachouzwa pale ni UAMINIFU, na mwenye kuubeba huo uaminifu ni mhudumu.

Sitaitaja baa yenyewe kwa jina, wala mwenye nayo. Niseme tu ilikuwa na meza sita, viti vya plastiki, kibanda cha nyasi upande wa nje, kaunta yenye nondo kama duka, redio kaseti moja kubwa na friji moja ya mafuta ya taa. Wafanyakazi tulikuwa wanne: mimi na dada mwingine mezani, kaka wa kaunta, na mama wa jikoni.

RUNGWE MPYA NI WAPI?

Ukisema Rungwe watu wanakimbilia Tukuyu kule Mbeya. Siyo huko. Rungwe Mpya ni kata ya Kasulu, nchi ya Waha, kwenye miinuko ya Kigoma ambako usiku wa Juni unalala na mablanketi mawili. Watu wanalima mahindi, muhogo na maharage. Maharage ndiyo pesa.

Ukanda huo wa Kasulu na Kibondo pia ni ukanda wa wakimbizi. Kambi ya Nyarugusu, jirani na Makere, ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita. Wakati wangu kambi ya Mtabila nayo ilikuwa bado ina Warundi, ilikuja kufungwa 2012. Kwa hiyo magari ya mashirika, malori ya chakula cha msaada na madereva wa kila kabila walikuwa wanapita huku. Na barabara zilikuwa na majambazi wenye silaha, kiasi kwamba mabasi yalikuwa yanasindikizwa na polisi. Dereva akiambiwa hakuna safari usiku, anatafuta pa kulala, na kabla ya kulala anatafuta pa kukaa. Pa kukaa ndiyo sisi.

"YA MOTO AU BARIDI?"

Hilo ndilo swali la kwanza la mhudumu yeyote Tanzania, na mgeni akilisikia anashangaa. Bia ya moto? Ndiyo, yaani ile ambayo haijaingia kwenye friji. Wazee wengi wanaitaka hivyo, wanasema ya baridi inawaumiza meno au kifua. Mimi nakwambia kuna sababu nyingine. Friji yetu ya mafuta ya taa ilikuwa inapoza chupa chache tu, tena kwa mbinde. Wazee walizoea bia ya moto kwa sababu kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwepo, mwisho ikawa ladha.

Basi ukiwa mhudumu mzuri huulizi mara mbili. Unakumbuka. Mwalimu fulani, Safari ya moto. Bwana shamba, Kilimanjaro ya baridi na glasi. Fundi cherehani, Castle moja tu halafu anahamia kwenye rubisi ya ndizi kwa mama wa pili, maana mfuko hauruhusu. Mzee wa baraza la kata, soda kwanza mbele za watu, bia baadaye giza likiingia. Ukimletea mtu kinywaji chake kabla hajaagiza, anajiona ana kwao. Mtu aliyetoka kulima tangu alfajiri, kukumbukwa hivyo kwake ni kitu kikubwa.

Na salamu! Kule Uhani husalimii kwa kupita. Unainama kidogo, unapiga makofi polepole, mnaulizana za nyumbani, za watoto, za shamba, ndipo mnaingia kwenye mambo ya bia. Wageni wa kutoka mjini walikuwa wanatuona wazembe. Wenyeji walikuwa wanawaona wageni hawana malezi.

HESABU YA KRETI

Hapa ndipo kazi inaanza. Kreti ya bia ina chupa 25, ya soda ina 24. Ukienda kununua kreti iliyojaa lazima upeleke kreti yenye chupa tupu. Kama huna, unalipia chupa na kreti lenyewe, na hapo faida yote imeshakwenda. Kwa hiyo mali ya kwanza ya baa ni chupa tupu. Bia yenyewe inafuata nyuma. Ndiyo maana mhudumu anakuja juu ukitaka kuondoka na chupa mkononi. Hakuchukii. Ile chupa ni kiungo cha mwili wake.

Sasa fikiria Rungwe Mpya. Bia inatoka kiwandani, kwa mfano Mwanza, inakuja kwa lori kupitia Kibondo, au inatoka Dar kwa treni mpaka Kigoma mjini halafu inapandishwa Kasulu, kama kilomita 90 za vumbi enzi hizo. Sisi tulikuwa tunachukua kwa wakala Kasulu mjini. Mvua ya Machi ikikata barabara, lori linakwama siku tatu, nasi tunauza mpaka chupa ya mwisho halafu tunakaa tunaangaliana. Siku hizo wateja walikuwa wanakuja hivyo hivyo. Wanakaa, wanapiga stori, wanakula nyama ya mbuzi na ndizi choma, wanaagana. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba bia ilikuwa kisingizio.

VIZIBO HAVIDANGANYI

Mfumo wetu ulikuwa hivi. Mhudumu anachukua bia kaunta, kaka wa kaunta anaandika mstari kwenye daftari chini ya jina lako. Bia ikifunguliwa, kizibo kinabaki mezani. Chupa tupu hazitolewi mpaka mteja alipe. Mteja akibisha ("mimi nimekunywa nne, siyo sita!") unahesabu vizibo na chupa mbele yake na mbele ya wenzake. Mara nyingi wenzake ndio wanaomwambia, "Mzee, lipa."

Asubuhi mnafanya hesabu: stoki ya jana, toa iliyobaki, zidisha kwa bei. Pesa ikipungua, hasara ni ya mhudumu. Hii ndiyo sehemu chungu ya kazi, na nitairudia huko chini kwa sababu wengi wanaumizwa hapa.

Kuna kaujanja kamoja nakumegea. Mteja akichangamka anasema, "Dada, na wewe kunywa moja kwa hesabu yangu." Ukinywa kila ofa utakuwa chakari saa 3 usiku na hesabu itakuua. Ukikataa anaona umemdharau. Sisi tulikuwa tunashukuru, tunasema "iwekee, bosi, nitaipitia nikifunga." Inaandikwa kaunta, analipia, na usiku unachukua pesa yake badala ya bia. Mwezi mzuri, ofa zilikuwa zinakaribia mshahara. Nilimsomesha mdogo wangu kidato cha kwanza na cha pili kwa bia ambazo sikuzinywa.

DAFTARI LA MADENI

Mwisho wa mwezi walimu walikuwa wanapanda gari kwenda Kasulu mjini kufuata mshahara benki, maana simu za kutuma pesa hazikuwepo. M-Pesa imeingia Tanzania 2008. Kati ya tarehe 10 na mwisho wa mwezi hakuna mtu mwenye noti. Mkulima naye pesa yake iko shambani mpaka Januari au Juni, maharage yakikomaa na Fuso za wanunuzi zikaja. Sasa katikati hapo watu wanaishi vipi? Kwa mali kauli. Unachukua, neno lako ndilo risiti.

Tulikuwa na daftari la kurasa 200, ukurasa mmoja kila mtu. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na kwenye baa nyingi za mjini utaona kibao kimeandikwa kukopa leo hapana, njoo kesho. Sisi tusingeweza. Ukikataa kukopesha kijijini umefunga baa. Ukikopesha hovyo umefunga pia. Kwa hiyo tulikuwa na sheria zetu ambazo hazikuandikwa popote:

1. Hukopeshwi bia ya tatu. Mbili zinatosha kukaa na watu, ya tatu ni ya kunywa.
2. Deni halitajwi mbele ya mke, mkwe wala mwanafunzi wake. Unamsubiri mtu akiwa peke yake.
3. Mwenye msiba hadaiwi mwezi huo.
4. Anayekopa na kuhama baa ili asionekane, jina lake linajulikana baa zote mpaka Makere.

Katika muda wangu wote waliokimbia na deni hawafiki vidole vya mkono mmoja. Siku hizi nasikia kuna programu za mkopo kwenye simu zinazotangaza jina la mdaiwa kwa ndugu zake wote waliomo kwenye simu yake. Nacheka kwa uchungu. Sisi na daftari letu lenye madoa ya bia tulijua kwamba mtu ukimwaibisha, hatalipa tena, na hatakaa tena na wewe.

KALENDA YA BAA

Kama unataka kujua hali ya uchumi wa kijiji, usisome gazeti, kaa kaunta. Januari na Juni, msimu wa maharage, watu wanaagiza "jaza meza". Februari wanaomba maji ya kunywa. Desemba 2005 ulikuwa uchaguzi mkuu, wapambe wakapita wanamwaga ofa, na sisi tukauza kuliko Krismasi. Na kila Juni, siku ya bajeti, redio inawekwa juu ya kaunta, watu wananyamaza kama kanisani wakisubiri waziri wa fedha afike kwenye bia na sigara. Akishataja ushuru mpya mtu mmoja anasema "haya, tunywe za bei ya zamani," na tunauza kreti mbili kwa saa moja. Sijawahi kuona somo la kodi likieleweka vizuri vile.

USIKU WA FAINALI

Hii lazima niiseme. Tarehe 9 Julai 2006, fainali ya Kombe la Dunia, Italia na Ufaransa, saa 3 usiku kwa saa zetu. Umeme wa gridi haukuwepo, tulikuwa na jenereta ya kukodi, dishi, na runinga ya inchi 14. Watu walikaa mpaka kwenye matofali, watoto wako juu ya mwembe. Dakika 90 zikaisha 1-1. Zikaongezwa 30. Kwenye muda wa nyongeza jenereta ikaanza kukohoa, petroli inaisha, na kituo cha mafuta kiko Kasulu.

Bwana shamba akasimama bila kuambiwa na mtu. Akatoa mpira, akanyonya petroli kwenye pikipiki yake ya kazi, akaijaza jenereta. Ndipo dakika ya 110 tukamwona Zidane anampiga Materazzi kichwa cha kifua. Kelele zile walizisikia kijiji cha pili. Italia wakachukua kwa penalti 5-3.

Usiku huo hakuna aliyelipa wakati wa mechi, maana ungemwambia nani alipe? Chupa zilikuwa gizani, kwenye nyasi, juu ya ukuta. Mimi na mwenzangu tulishajua mshahara wa mwezi umekwenda. Mechi ilipoisha watu wakaanza kuja kaunta mmoja mmoja, kila mtu na chupa zake mkononi: "Mimi tatu." "Mimi mbili na ya mzee, ameshalala." Asubuhi tukahesabu. Haikupungua hata moja. Bwana shamba aliisukuma pikipiki mpaka kwake, na wateja wakachanga pesa ya petroli siku iliyofuata.

HESHIMA

Nisiwadanganye, haikuwa asali tupu. Kuna wanaume wanadhani ukinunua bia umemnunua na anayeileta. Kuna mama zetu wa kanisani waliokuwa hawaniitikii salamu. Njia yetu ilikuwa moja: hakuna mhudumu anayetembea peke yake usiku, na mama wa jikoni ndiye mwenye neno la mwisho. Mteja akileta mkono, mama anatoka na mwiko, anasema taratibu, "Baba, huyu ni mtoto wa mtu, nawe una binti nyumbani." Mwenye akili anaomba radhi. Asiye na akili wazee wa meza ya pembeni wanamtoa. Ulinzi wetu ulikuwa ni kufahamika. Ndiyo maana nasema msichana anayeitwa kuuza baa mji asiomjua mtu, kwa nauli ya kutumiwa, afikirie mara mbili. Huko hana mama wa jikoni.

SHERIA INASEMAJE?

Hapa ndipo nataka mnisome vizuri. Dada mmoja wa baa ya jirani alikatwa mshahara mzima kwa kreti moja lililovunjika likishushwa kwenye lori. Hakulishika hata. Alilia, akahama, ikaisha. Wakati huo sisi wote tuliona ni kawaida. Kumbe sheria ipo: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Baa ni sehemu ya kazi kama ofisi. Yale ya muhimu ni haya:

Hasara. Mwajiri hawezi kukukata kwa sababu tu hesabu haikukaa sawa. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lako, akueleze kwa maandishi ni kiasi gani na kimepatikanaje, akupe nafasi ya kubisha, na wewe ukubali kwa maandishi. Hata hapo, makato hayavuki ROBO ya mshahara.

Saa. Ni saa 45 kwa wiki za kawaida, zaidi ya hapo ni ovataimu, mara moja na nusu. Kila wiki una saa 24 za kupumzika.

Usiku. Kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi ni kazi ya usiku, inaongezwa angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Baa gani inafungwa kabla ya saa 2? Basi hesabu mwenyewe.

Likizo. Siku 28 kwa mwaka, na ya uzazi siku 84, zote za kulipwa.

Ukidhulumiwa kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wengi wanaijua kwa jina la CMA. Kama umefukuzwa unapeleka ndani ya siku 30, madai mengine ndani ya siku 60. Usikae mwaka mzima unalia kwa shoga.

Na ushauri wangu wa bure: kuwa na daftari lako mwenyewe. Kila kreti uliyopokea, kila hasara, kila siku uliyofanya kazi, andika na tarehe. Kaunta akiandika, na wewe andika. Mimi daftari langu ninalo mpaka leo.

MAMBO YAMEBADILIKA

Viroba vilipigwa marufuku Machi 2017, na sikuvililia, vilikuwa vinamaliza vijana. Mwaka 2022 umeme wa gridi ya Taifa uliingia Kigoma, kwa hiyo yale mambo ya friji ya mafuta ya taa nadhani watoto wa leo wanaona ni hadithi. Mtu analipa kwa simu akiwa kitandani. Sawa, maendeleo hayo, siyapingi.

Ila nikiulizwa kazi gani imenifundisha kuishi na watu, sitaji ofisi niliyofanya baadaye. Nataja meza sita za Rungwe Mpya. Pale nilijifunza kukumbuka jina la mtu na kinywaji chake, kudai bila kuaibisha, na kuhesabu bila kuiba. Hayo hayana cheti, lakini nimeyatumia kila siku tangu hapo.

Sasa zamu yenu. Wewe uliyewahi kuuza baa, mgahawa au genge, hasara kwenu zilikuwa zinakatwa vipi? Na wewe mnywaji, mhudumu wako unamjua jina, au unamwita kwa kugonga chupa na opena? Tupia maoni hapo chini, na matusi waachieni walevi.